Kopo Juu ya Ekzosi

Ukiteremka ukuta wa Bonde la Ufa alfajiri ya Julai, ukalipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, usitarajie kuuona mlima. Bonde lote huwa limejaa ukungu mweupe, mzito, kama maziwa yaliyoganda. Longonot, pamoja na mita zake 2,776, hujitokeza polepole kuelekea saa tatu: ukingo wa kasoko kwanza, halafu makorongo ya ubavuni, mwisho kabisa vichaka vya leleshwa vya chini. Mji ulio kwenye kitako cha ukuta huo unaitwa Mai Mahiu, yaani maji moto kwa Kikuyu, na asubuhi kama hizo jina hilo husikika kama mzaha.

Kando ya barabara ya chini, ile inayotoka Mai Mahiu ikipita Longonot kwenda Naivasha, kuna uwanja wa mitambo uliozungushiwa mabati. Ndani yake hulala greda moja, eskaveta mbili, rola, tingatinga la cheni na trela ndefu ya kuibebea mitambo hiyo. Na juu ya kila ekzosi kuna kopo limefunikwa kifudifudi. Moja lilikuwa la mafuta ya kupikia, moja la rangi, jingine la maziwa ya unga. Kwa mbali unadhani ni wazee wamekaa barazani na kofia zao, wakingoja chai.

Makopo hayo ndiyo yaliyonisimamisha mara ya kwanza. Niliyaona nikidhani ni utani wa vijana. Kumbe ekzosi iliyo wazi ni bomba linalotazama mbinguni: mvua ya usiku mmoja ikiingia humo hushuka mpaka kwenye tabo, na ikizidi hufika ndani ya silinda, na injini iliyopigwa stata ikiwa na maji ndani ya silinda zake huvunja vyuma vyake yenyewe, kwa kuwa maji hayakubali kubanwa kama hewa. Mitambo mingi hutoka kiwandani na kifuniko chake cha ekzosi chenye bawaba. Bawaba hukatika, kifuniko hupotea, kopo hushika zamu. Halina gharama, na sijaona kitu kinachofanya kazi yake vizuri zaidi.

Mwenye makopo ni fundi wa makamo ambaye hapa nitamwita Fundi tu, kwa kuwa hata pale uwanjani hakuna anayemwita vinginevyo. Alianza kama tanboi wa lori, akaingia chini ya injini, hakutoka tena. Nimekuwa nikimtembelea tangu misimu miwili ya mvua iliyopita, bila sababu ya maana, ila nimegundua kwamba kumtazama mtu anayejua kazi yake kunanituliza kuliko televisheni.

Mitambo hii imezaliwa ugenini. Ukifungua kitabu cha eskaveta utakuta sura nzima ya majira ya baridi: theluji, dizeli inayoganda mpaka kuziba mipira, hita za kupasha injini usiku kucha, matope yanayogeuka mawe ya barafu kwenye cheni. Mafundi wengine huiruka sura hiyo wakicheka. Fundi anayo, ndani ya mfuko wa plastiki, imejaa alama za vidole, na ameipitia kwa penseli. Mistari ya theluji ameikata. Iliyobaki ameipigia mstari chini. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa Kanada.

"Baridi yetu haigandishi," aliniambia. "Inalowesha."

Maneno hayo ndiyo ufundi wake wote. Bonde hili halina majira ya theluji, lakini lina masika kuanzia Machi hadi Mei, kisha kipupwe cha Juni hadi Agosti, na katikati hakuna nafasi ya kupumua. Juu kidogo, Kinangop, kuna usiku ambapo sakitu huunguza majani ya viazi. Huku chini haifiki huko mara nyingi. Kinachofika ni unyevu, na unyevu una subira.

Anaanzia kwenye tanki la dizeli. Tanki la eskaveta kubwa huchukua mamia ya lita, na likilala nusu, nusu ya pili ni hewa. Usiku bati linapopoa, unyevu ulio kwenye hewa hiyo hujikusanya kwa ndani, kama vile matone unayoyaona ukifunua sufuria ya wali. Matone yanateremka na kukaa chini kabisa, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, na chini ndiko pampu inakofyonza. Nozeli za injini ya dizeli zimechongwa kwa upana mdogo mno. Maji kidogo yanatosha kuzitia kutu. Na pale maji yanapokutana na dizeli huota utelezi mweusi, viumbe hai vidogo vinavyojilisha mafuta, ambavyo huziba filta mpaka mtambo unazimika katikati ya kazi na opereta anaapa kwamba tanki limejaa. Kweli limejaa.

Dawa ni kujaza tanki jioni badala ya asubuhi, ili hewa isipate pa kukaa. Rahisi kusema. Mwenye mitambo hapendi, kwa sababu tanki lililojaa usiku ni karamu kwa wezi wa dizeli, na kila mtu kwenye barabara hii anajua lita ya magendo inauzwaje. Kwa hiyo ufundi unageuka kuwa siasa ndogo: Fundi huipanga mitambo jioni kila kifuniko cha tanki kikitazama kibanda cha bawabu, huweka kufuli, huandika kipimo kwenye daftari mbele ya bawabu mwenyewe. Kitabu cha Kanada hakina ukurasa huo.

Asubuhi, kabla ufunguo haujaguswa, kijana anayejifunza kwake hupiga magoti chini ya kichujio cha dizeli, anafungua kibomba kidogo, anakinga kwa chupa ya jamu. Anaiinua kwenye mwanga. Mara nyingi ni dizeli tupu, rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Siku nyingine kuna tone limekaa chini, angavu, linacheza peke yake kama jicho la samaki. Hapo anamwaga, anakinga tena, mpaka jicho lifumbe. Niliwahi kumwona akiwa na haraka, akamwaga mara moja na kusimama. Fundi hakugomba. Alimwomba chupa, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamrudishia. Kijana alipiga magoti tena.

Lakini kazi kubwa haifanywi kwenye kipupwe. Hufanywa Februari, wakati jua linachoma na mtu mwenye akili za kawaida hawazi mvua hata kidogo. Hapo ndipo vumbi la Longonot linapokuwa bwana. Vumbi hili si udongo wa kawaida. Mlima ni volkano, na kinachofunika nchi yote inayouzunguka ni majivu na mawe mepesi ya povu yaliyotapikwa na kasoko. Ukiyasugua kati ya vidole unasikia makali, maana sehemu kubwa ni kioo cha volkano kilichosagika. Vumbi hilo likichanganyika na grisi linakuwa msasa wa maji. Pini ya mkono wa eskaveta inayozunguka ndani ya msasa huo huliwa kama sabuni.

Kwa hiyo kupaka grisi, kazi ambayo kwenye saiti nyingi hupewa mtu aliyechelewa kufika, hapa ina adabu zake. Kwanza tundu la kutilia grisi linafutwa kwa kitambaa, kwa sababu pampu isukumayo grisi safi kupitia mdomo mchafu inausukuma uchafu ndani kwanza. Kisha anapampu polepole akitazama ukingoni mwa pini. Inatoka grisi nyeusi, yenye chembechembe. Anaendelea. Inatoka ya kijivu. Anaendelea. Inapotoka ile ile aliyoitia, rangi ile ile, anaacha kola hiyo ya grisi ibaki pale imezunguka pini, haifuti. Nilimuuliza mbona anaacha uchafu. Si uchafu, ni mlango: maji ya mvua yakija yatakuta mlango umefungwa. Eskaveta moja ina sehemu nyingi kama hizo, mkononi, kwenye buketi, kwenye kiuno chake cha kuzungukia, na Fundi huzipitia kwa mpangilio mmoja siku zote, kutoka ncha ya buketi kurudi nyuma, ili mkono ukumbuke hata akili ikisahau.

Silinda za haidroliki zinamhangaisha zaidi. Ule mti wa chuma unaong'aa kama kioo, unaotoka na kurudi ndani ya silinda, umepakwa kromu nyembamba. Ukiuacha nje usiku wa ukungu, wiki baada ya wiki, kutu hupata kijitundu, na kijitundu kimoja kisichoonekana vizuri kwa macho kinatosha kuikwaruza sili ya raba kila unapopita. Siku moja unakuta mafuta yanavuja na hakuna anayejua yameanza lini. Hivyo mtambo ukilazwa, miti hiyo inarudishwa ndani kadiri iwezekanavyo, buketi inashushwa mpaka chini, na kipande kinachobaki nje kinapakwa grisi kwa kiganja. Bledi ya greda hulazwa juu ya vipande vya mbao ili isilale kwenye tope. Nilimwona akichagua mbao hizo kwa makini kama mtu anayechagua ubao wa meza.

Kuhusu cheni za tingatinga, hapo nilijifunza kitu kinyume kabisa na nilivyodhani. Ningemshauri akaze cheni kabla ya mvua, ili zishike. Yeye hulegeza. Tope la majivu likiingia kati ya cheni na meno ya gurudumu linajaza nafasi, na cheni iliyokuwa imekaza sawasawa wakati wa kiangazi inageuka kuwa kamba ya upinde. Inajila yenyewe, inayala meno, inakula dizeli. Ulegezaji wenyewe ni wa hatari. Cheni hukazwa na grisi iliyosukumwa ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na wa kuitoa hufungua vali taratibu sana, mzunguko mmoja tu, uso wake ukiwa pembeni. Hapo tu ndipo nilimsikia Fundi akipandisha sauti: kijana alikuwa ameinama kuchungulia. Grisi inayotoka kwa shinikizo hilo hupenya ngozi kama sindano. Jioni za mvua, kabla ya kulala, tope hukwanguliwa kwenye cheni kwa koleo. Huko kwenye theluji hufanya hivyo lisigande barafu. Huku hufanya hivyo kwa sababu kesho jua likitoka saa nne litakuwa tofali.

Maji ya redieta nilidhani hayana habari hapa. Kulanti si ni ya kuzuia kuganda? Fundi aliicheka dhana hiyo kwa huruma. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Trela iliyobeba tingatinga ikipanda ukuta kutoka Mai Mahiu kwa gia ya chini, maji matupu yatachemka kabla haijafika Rironi, kule juu, ndiyo maana utaona malori yamesimama kando, boneti wazi, dereva ameshika kitambaa. Kulanti hupandisha kiwango cha kuchemka, kifuniko kinachobana vizuri hukipandisha zaidi, na juu ya hayo huzuia kutu ndani ya njia nyembamba za injini. Kwa hiyo dawa ile ile iliyobuniwa dhidi ya barafu anaitumia dhidi ya moto. Maji ya kuchanganyia hayachoti kwenye kisima. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji mazito ya madini, yale yenye floraidi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na madini hubaki kwenye redieta kama ukoko kwenye birika. Anakinga maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati, kwenye pipa lenye kifuniko. Mvua ileile anayoizuia kwa kopo anaikaribisha kwa pipa.

Na kulanti kuukuu haimwagi chini. Ina ladha tamu na ni sumu, na ng'ombe wa jirani hupita hapo kila siku kuelekea majini. Inaingia kwenye jerikani, jerikani inafungwa, inawekwa juu ambapo mbwa hafiki.

Betri nitazipitia haraka, maana zinajulikana: baridi huzipunguzia nguvu saa ile ile oili inapokuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi. Mtambo mkubwa hubeba betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24, na moja ikizeeka huivuta mwenzake kaburini. Kilichonifurahisha ni dawa ya ule unga wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri. Maji ya vuguvugu na magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Povu linafoka, asidi inakufa, anafuta, anapaka grisi nyembamba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kilele cha ufundi huu, ingawa halihitaji spana: mahali pa kuulaza mtambo. Ardhi hii haiaminiki. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, nyufa zilifunguka karibu na Suswa zikaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Majivu ya volkano yalikuwa yameliwa chini kwa chini na maji mpaka juu pakabaki ganda. Na usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwenye handaki lililoziba kwa takataka, yalivunja njia na kuteremka Mai Mahiu, yakabeba nyumba, magari na makumi ya watu. Mtu akishaona bonde likifanya hivyo, hawezi tena kuliita korongo kavu "nafasi nzuri ya kupaki".

Fundi, mwisho wa Februari, hutembea uwanjani na kandokando ya saiti akiwa na chepe begani. Hatazami mitambo hata kidogo. Anatazama nyasi zimelala upande gani, mawe mepesi ya povu yamejikusanya wapi, kwa kuwa hayo huelea na maji huyaacha pale yalipofika mwaka uliopita. Anagonga ardhi kwa mpini wa chepe akisikiliza. Pakijibu kama ngoma, anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, na hakuna tani ishirini za chuma zitakazolala hapo. Kisha anachimba mitaro, mifupi, yenye mteremko mdogo, na kuipeleka midomo yake mbali na boma la jirani. Nilikaa naye siku nzima hiyo. Hatukuzungumza zaidi ya dakika kumi.

Reli ya kisasa ilipofunguliwa kutoka Nairobi mpaka Suswa Oktoba 2019, palikuwa na utepe na hotuba, na haki yake. Sikumbuki nikisikia neno lolote kuhusu aliyeipaka grisi mitambo iliyoijenga. Silalamiki, sijui hata ungemtaja vipi. Kazi hii ikifanywa vizuri matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Na wenye saiti, nao, hupiga hesabu ya siku ambazo mtambo umesimama kwa ajili ya matunzo na kuziona hasara. Nilishashuhudia mahali pengine, ambapo sitapataja, eskaveta iliyonyimwa siku mbili za Februari ikalala wiki tano za Mei imeinamisha kichwa ndani ya tope, ikingoja sili kutoka ng'ambo.

Basi turudi asubuhi ya Julai, ukungu bado haujapanda. Chupa ya jamu imeshasema hakuna maji. Kijana amechomoa kijiti cha oili, amekifuta, amekirudisha, amekichomoa tena na kukiinua usawa wa macho. Kwenye debe la oili ile kuna herufi W, iliyowekwa huko ng'ambo kwa ajili ya majira ya baridi, kuonyesha kwamba haitakuwa nzito asubuhi ikashindwa kupanda. Fundi anaipenda herufi hiyo. Hununua kwa kuitazama yeye mwenyewe, hamtumi mtu.

Opereta wa greda anapanda, anataka kupiga mara moja. Fundi anainua kiganja. Ufunguo unazungushwa nusu, taa ya njano ya hita inawaka kwenye dashibodi, wanangoja izimike yenyewe. Halafu stata. Injini inakohoa mara mbili, moshi mweupe, inashika. Hakuna anayegusa mafuta. Inaachwa iongee polepole dakika tano, mpaka oili ifike kwenye tabo huko juu, na katika dakika hizo Fundi anasimama ubavuni, kiganja kimelala kwenye bati, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Nilijaribu kusimama vilevile. Nilisikia ngurumo tu. Yeye alimwita kijana, akamwelekeza kidole kwenye fani belti, kijana akaenda kutafuta spana namba 17.

Ya pili ilikuwa eskaveta, na hapo opereta mgeni alitutangulia. Alipiga stata kabla ya kutazama juu. Kopo la maziwa ya unga liliruka kama jogoo aliyeshtuliwa, likapita juu ya rola, likaanguka kwenye mabati kwa kishindo kilichoamsha mbwa wote wa Longonot. Opereta alishuka, uso umemshuka. "Pole, mzee," alisema.

Fundi alilifuata taratibu, akaliokota, akalitazama kama limepasuka kitako. Halikuwa limepasuka. Alilifuta kwa kitambaa chake cha grisi, akalitia kwenye sanduku la spana, mahali pake, likingoja jioni.